Gurbaba Nyeupe

Alhamisi moja ya mwezi wa pili, mwaka 1975, watu wawili waliishika pakiti moja ya rangi katika soko la Arua, na hakuna aliyekubali kuiachia.

Ilikuwa rangi ya machungwa, ya unga, ile wanayochemshia majani ya kusukia. Ilikuwa pakiti ya mwisho kwenye meza ya Mama Pasca, na Mama Pasca alikuwa ameshatangaza kwamba nyingine hazitakuja mpaka lori lipite Oraba, kule mpakani, na lori lenyewe Mungu ndiye aliyejua liko wapi. Upande mmoja wa pakiti ulikuwa mkononi mwa Medina, Mnubi wa Koboko, miaka ishirini na minne, aliyekuja mjini kuuza tabaga, vile vifuniko vya chakula vya kusuka ambavyo hakuna karamu ya Wanubi isiyokuwa navyo. Alivaa gurbaba ya kijani iliyotariziwa maua mekundu pindoni, na shuka nyingine ya aina hiyohiyo begani. Kwa asiyejua, gurbaba hufungwa kiunoni, na mwanamke anayejua kuifunga huwa na mwendo wake. Medina alijua.

Upande wa pili ulikuwa mkononi mwa Onzima, Mlugbara wa Awindiri, fundi wa kuandika mabango. Alikuwa mrefu, suruali yake pana chini kama walivyovaa vijana wote mwaka ule, na shati lake lilikuwa na madoa ya rangi sita ambazo sabuni ilishindwa kuzitoa.

Kiswahili walichosemeshana kilikuwa cha kwetu huku, cha jeshini na sokoni, ambacho mwalimu angekipiga kalamu nyekundu toka mwanzo hadi mwisho. Nitakiacha kama kilivyosemwa.

"Dada, mimi nilishika kwanza," Onzima akasema.

"Wewe nasuka?"

"Hapana."

"Basi rangi ya majani wewe nafanyia nini? Nataka kunywa?"

Mama Pasca alicheka mpaka akakaa. Onzima hakuwa mwepesi wa maneno, hasa mbele ya wanawake wawili. Akafungua gazeti alilolibeba kwapani, akatoa kipande cha plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, akakishika kwa kingo. Juu yake alikuwa amechorwa mwanamke mwenye mtungi kichwani. Mistari ya wino ilikuwa mizima, lakini rangi ilikuwa imebanduka mkono mzima, na vazi lake lilikuwa limepauka mpaka likakaribia kuwa jeupe.

Mwezi mzima Onzima alikuwa amewaonyesha watu kipande kile, mabwana wa ofisini na wapiga soga wa barabarani, na kila mmoja alikiinua juu, akachungulia, akacheka. Medina hakucheka. Alikigeuza.

"Mistari iko mbele," akasema, "rangi iko nyuma. Kama ya tabaga. Ukitaka kujua kazi ya mutu, geuza."

Onzima akaiachia pakiti. Baadaye alidai kwamba aliiachia kwa adabu. Si kweli.

Sasa niieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kosa. Kabla Wahindi hawajaondoka mwaka wa sabini na mbili, fundi mmoja wao kule Kampala alikuwa ameanza kutengeneza sinema ya katuni kuhusu malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Katika sinema hiyo, mwanamke anakwenda kuteka maji, anapata habari kwamba mumewe amezidiwa, anatua mtungi, anageuka, anakwenda hospitali kukaa naye, na mume anapona. Kila hatua ya mwanamke ilichorwa kwenye plastiki yake, kumi na mbili kwa sekunde moja, kisha zikapakwa rangi kwa mkono upande wa nyuma. Fundi akaondoka kabla hajamaliza. Plastiki zikakaa katika stoo moja miaka mitatu, joto likazigandisha, mwanga ukazipausha, na vipande tisini na sita havikuonekana tena. Vilikuwa sekunde nane, zile ambazo mwanamke anageuka.

Ofisi ya elimu ya afya ya Arua ilizipokea ndani ya masanduku manne. Mkuu wake, Bwana Yakani, alikuwa mtu mwembamba mwenye haraka. Alitafuta mtu wa kuzifufua, na mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kushika brashi ndogo bila kutetemeka.

Onzima akamwomba Medina apite ofisini Alhamisi nyingine, azione zote. Medina akasema hana nafasi. Alhamisi nyingine akapita.

Alimkuta amevaa soksi mikononi. Plastiki ile haipendi jasho la vidole, na glavu za pamba zilikuwa zimekwisha nchini pamoja na vitu vingine vingi, kwa hiyo Onzima alifanya kazi na soksi nyeupe za mpira wa miguu. Medina akamuuliza kama miguuni amevaa glavu. Toka siku hiyo akamwita Bwana Soksi.

Ni Medina aliyeipata rangi halisi ya vazi. Alipekua vipande kimoja kimoja mpaka akafika kwenye viwili vilivyokuwa vimegandana ukingoni. Akavitenganisha kwa uzi, polepole, na pale vilipofunikana, mahali ambapo mwanga haukuwahi kufika, kulikuwa na ukanda mwembamba kama kucha: rangi ya machungwa iliyotiwa kahawia kidogo. Akarudi Koboko na rangi ile kichwani. Alichemsha, akakosea, akachemsha tena kwa siku tatu, mpaka akaipata. Aliichanganya na gundi ya mti inayotoka Sudani, akatia asali kidogo ili isikauke ikapasuka, akamletea Onzima katika chupa ya dawa ya kikohozi. Onzima alijaribu tone moja kwenye plastiki mbovu. Lilishika, halikubanduka hata alipoikunja.

Kuhusu sekunde nane zilizopotea, Onzima alihitaji mwanamke wa kugeuka. Basi Alhamisi baada ya Alhamisi Medina alibeba sufuria tupu kichwani ndani ya chumba kile, akaitua, akageuka, akatembea mpaka mlangoni, na Onzima akachora. Bega kwanza, kisha kiuno, kisha uso unafuata. Alimgeuza mara arobaini. Kufikia mara ya ishirini wote wawili walijua kwamba kinachofanyika pale si kazi ya ofisi peke yake, na hakuna aliyesema.

Medina alikuwa na lake la kunyamazia. Miaka mitatu nyuma aliolewa na askari, wakakaa miezi saba, na gari la jeshi likapinduka naye, akafa. Alikaa eda miezi minne na siku kumi, kama inavyotakiwa, ndani ya nyumba ya bibi yake Sadiya, amevaa shuka nyeupe tupu isiyo na ua hata moja. Alipotoka, alizitumbukiza shuka zile katika sufuria ya rangi ya bluu, na hakuvaa nyeupe tena. Wanaume wawili wa Koboko walimjia baadaye kwa maneno mazuri. Kila mmoja, alipokumbushwa na watu kwamba yule ni mjane mwenye mume aliyekufa ghafla, alianza kusalimia kwa mbali. Ndiyo maana Medina hakumwambia Onzima. Kwa Onzima alikuwa Medina wa kusuka na wa kugeuka, basi, na alitaka kubaki hivyo kwa muda zaidi.

Katikati ya wiki walisemezana kwa simu. Koboko simu ilikuwa katika duka la Mzee Umaru. Arua ilikuwa ofisini kwa Yakani. Katikati yao alikaa Santina wa posta, aliyechomeka na kuchomoa nyaya zote za wilaya, na ambaye hakuwahi kuona sababu ya kuziba masikio.

"Sukari yangu," Onzima akaanza siku moja, baada ya kujipa moyo siku mbili.

"Usiite mimi sukari," Medina akajibu. "Siku hizi sukari hapana patikana."

"Basi chumvi."

"Chumvi pia hapana iko."

"Basi mimi naita wewe nini?"

"Ita Medina. Hiyo iko, hapana pungua."

Santina akaingia kati kusema dakika tatu zimekwisha, lakini kwa kuwa amependa, atawaongezea moja.

Sasa kosa. Onzima alikuwa mtu wa kanisani. Maishani mwake alikuwa ameona maharusi wengi, na karibu kila bibi harusi aliyemwona akiingia mlango mkubwa wa kanisa alikuwa amevaa nyeupe. Alimpenda Medina na hakuweza kulisema kwa mdomo. Mara tatu alijaribu, mara tatu akaishia kusifu tabaga. Ndipo wazo likamjia, na alipolipata alitembea mjini akijichekea peke yake. Ataisema kwenye sinema. Mwanamke yule mwenye uso wa Medina na mwendo wa Medina atageuka amevaa nyeupe mbele ya watu wote, naye Medina ataelewa kwamba ameombwa.

Chupa ya dawa ya kikohozi akaiweka juu ya kabati. Alipaka nyeupe vipande vyote tisini na sita. Maua ya pindoni hakuyachora, kwa sababu ua dogo likichorwa mara tisini na sita kwa mkono halikai mahali pamoja, na sinema ikitembea linatikisika kama lina homa. Fundi mzuri hupenda kazi iliyotulia. Akaacha vazi jeupe tupu.

Mpiga picha akaja kutoka Kampala, akapiga kipande kimoja kimoja, akaondoka, na baada ya wiki tano ikarudi sinema fupi ya majaribio. Yakani alitaka kuona kama watu wataielewa kabla ya kupiga yote. Akachagua Koboko, Jumamosi alasiri, katika ukumbi ambao madirisha yake yalizibwa kwa mablanketi.

Onzima akapiga simu. Alisema kwa sauti ambayo Santina hakuwahi kuisikia kwake:

"Kuja na bibi yako. Kuja na majirani. Mimi nimeweka kitu ndani, ni yako."

Medina alikuja na bibi Sadiya, anayeitwa haboba na mtaa mzima, na majirani kumi na tatu. Alivaa gurbaba ya zambarau yenye maua ya njano, wanja machoni, na kipini kidogo cha dhahabu puani. Onzima, aliyekuwa nyuma pamoja na mashine ya sinema, alimwona akikaa safu ya tatu.

Kwanza alikuja mbung'o, mkubwa ukuta mzima, na watu wakacheka. Kisha mwanamume amelala mkekani, watu wakanyamaza. Kisha mwanamke akaja na mtungi, akautua, akageuka. Ukumbi mzima ukamtambua. Kabla sekunde nane hazijaisha, mwanamke mmoja nyuma ya haboba alisema kwa Kinubi, si kwa sauti kubwa, kwamba yule ni Medina, yuko edani, na anatembea barabarani.

Kwa watu wa Koboko hapakuwa na maana nyingine. Shuka nyeupe bila ua ni ya mwanamke aliyefiwa, na mwanamke aliye edani hakai barabarani, hafuati mwanamume mwingine mpaka kitandani kwake. Mzee mmoja akamuuliza jirani yake kama mgonjwa yule ameshakufa, na kama amekufa, hospitali wanampelekea nini. Wengine hawakuuliza chochote. Walimwangalia Medina tu, jinsi walivyomwangalia miaka miwili iliyopita.

Haboba akasimama, akamshika mkono mjukuu wake, wakatoka. Onzima alimwona anafuta macho mlangoni. Alidhani ni furaha.

Jumatatu asubuhi simu ikalia ofisini. Onzima akaipokea huku anatabasamu.

"Nani alikuambia?" Medina akauliza.

"Hakuna mutu aliniambia. Mimi mwenyewe niliwaza."

"Wewe mwenyewe?"

"Ndiyo. Nilitaka watu yote waone. Maneno ya kuficha mimi nilichoka nayo."

Onzima akangojea ashukuriwe.

"Mimi nilikuwa nafikiri wewe ni mutu," Medina akasema, akaweka simu chini.

Onzima alibaki ameishika. Akaita jina lake mara mbili. Aliyejibu alikuwa Santina, na mara hii hakuwa na mzaha.

"Onzima, wewe ni mjinga au ni mbaya? Niambie, mimi nataka kujua."

Akasema hajui kosa lake ni lipi. Basi Santina, mwenye shangazi Koboko na mwenye habari za kila waya, akamweleza yote kwa mpangilio, kama anayesoma telegramu: shuka nyeupe ni ya nini, Medina alivaa lini, kwa ajili ya nani, na wale wawili waliokuja wakarudi nyuma. Akamwambia kwamba Koboko nzima inaamini alijua, na kwamba Medina mwenyewe anaamini hivyo. Onzima alikaa chini kwenye sakafu ya ofisi ya Yakani, soksi mikononi, na Yakani alipoingia akamruka kupita.

Siku ile na siku zilizofuata alipiga Koboko mara tisa. Mzee Umaru alisema Medina hayupo. Mara ya nane alisema hayupo na yeye mwenyewe amesema hayupo. Mara ya tisa hakupokea.

Niseme ukweli, mtu mwingine angeandika barua ndefu. Onzima hakuwa mtu wa barua. Alikusanya vipande tisini na sita, akajifungia, akaanza kuitoa nyeupe. Ukilowesha sana, gundi inayeyuka na kumchafua mwanamke mzima. Ukikwangua kwa nguvu unakata plastiki. Alitumia pamba iliyofungwa kwenye njiti ya kiberiti, tone la maji, anasubiri, anafuta, kipande kimoja kwa robo saa. Yakani alimkumbusha kwamba mpiga picha anarudi tarehe ishirini na kwamba sinema ni ya malale, si ya mapenzi. Onzima akasema anajua. Siku ya tisa akapanga vipande ndani ya sanduku, akapanda lori la chumvi linalokwenda mpakani, akashuka Koboko saa nne asubuhi, vumbi mpaka kope.

Medina alikuwa uani kwa haboba, juu ya mkeka, anasuka. Haboba alikuwa ndani, na mlango ulikuwa wazi. Onzima akatoa salamu. Ndani akaitikiwa. Mkekani hakuitikiwa.

Hakukaa, maana hakukaribishwa. Akachutama, akafungua sanduku, akaweka kipande kimoja kwenye mkeka mbele yake. Mwanamke alikuwa na uso, na mikono, na mtungi, lakini ndani ya mistari ya vazi hapakuwa na kitu. Ulionekana mkeka tu.

"Nyeupe nimetoa," akasema. "Yote."

Medina aliendelea kusuka.

"Kwetu, kanisani, nyeupe ni ya bibi harusi. Mimi nilijua hiyo moja tu. Nilitaka kuoa wewe, niliogopa kusema na mdomo, nikasema na brashi. Ya eda sikujua. Ya bwana yako sikujua. Santina aliniambia ile siku ulipiga, kabla ya hapo hakuna mutu."

Mikono ya Medina ikasimama. Akamtazama kwa mara ya kwanza, na ilimchukua muda kulipanga jambo zima upya kichwani, toka ukumbini mpaka kwenye simu. Alitaka kucheka na alitaka kumpiga, vyote viwili.

"Wewe ulioa mimi mbele ya Koboko nzima," akasema, "na nguo ya msiba."

"Ndiyo."

"Na rangi yangu? Siku tatu mimi nachemsha. Nilikupa mkononi. Kama ungepaka ile, hakuna kitu ingeharibika. Hata kuuliza hapana uliza. Uso ni yangu, mwendo ni yangu, wewe nachagua nguo."

Onzima alisema kosa ni lake. Alisema kwamba amekuja aulize sasa, ijapokuwa amechelewa: avae nini?

"Acha sanduku hapa," Medina akasema. "Mimi napaka mwenyewe. Na maua."

"Maua itatikisika. Plastiki moja na nyingine hapana lingana, ikitembea inatikisika."

"Mimi nikitembea, maua yangu hapana tikisika? Basi yatikisike."

Onzima akakubali. Lakini jambo kubwa lilikuwa bado, na wote wawili walilijua. Medina aliweka kazi yake pembeni, akakunja mikono mapajani.

"Sasa unajua mimi ni mjane," akasema. "Wengine wakijua, kesho yake njia yao inapita mbali. Kama ya kwako pia itapita mbali, ipite leo. Mimi sitaki kungoja tena."

Alisema bila kulia, na macho yake hayakumwacha. Onzima alikaa sasa, chini, kwenye udongo, nje ya mkeka. Alifikiri, na alikuwa mtu wa kufikiri polepole. Alichouliza hakikuwa kile ambacho Medina alijiandalia jibu.

"Jina yake nani?"

Medina akafungua mdomo, na jina halikutoka. Miaka miwili watu walimwita marehemu, au yule, au walitazama chini tu na kubadilisha mazungumzo. Wale wanaume wawili hawakuuliza kamwe. Walitaka kujua alikufaje, basi. Hata haboba, kwa huruma, hakulitaja. Jina lilikuwa limekaa ndani yake bila kutumika.

"Nasur," akasema.

"Nasur alikuwa mutu wa namna gani?"

Ndipo akalia. Alilia waziwazi, mchana kweupe, kwenye mkeka wa bibi yake, na katikati ya kulia akaanza kueleza. Nasur alikuwa mfupi kuliko yeye, na hakupenda kusimama karibu naye kwenye picha. Alichukia bamia. Alikoroma. Alikuwa akijifunza kupiga gitaa na hakuwa na kipaji, na majirani walishukuru alipopelekwa mji wa Moyo. Asubuhi ya safari walikuwa wamegombana juu ya kitasa cha mlango, na alipanda gari la jeshi bado amenuna. Medina alisema hilo la kitasa ndilo hajawahi kumwambia mtu. Onzima alisikiliza. Aliuliza mawili matatu, kama wimbo gani alikuwa akijifunza, na kitasa kilikuwa na ubaya gani. Hakumwambia anyamaze.

Jua lilikuwa limepanda haboba alipotoka ndani na kikombe cha chai, akakiweka mbele ya mgeni. Alimuuliza kama wazazi wake wako hai. Onzima akasema mama yake, Driwaru, yuko, baba alifariki, na kuna wajomba watatu. Haboba akauliza kama wajomba hao wanaijua njia ya Koboko. Akasema wataijua. Kisha bibi akauliza habari ya dini, na Onzima akasema hiyo wataiongea wakubwa. Wakubwa waliiongea kweli. Ilichukua miezi minane na vikao vingi, na haimo katika hadithi hii.

Haboba hakusema ndiyo wala hapana. Alimgeukia mjukuu wake.

Medina akafuta uso kwa pindo la shuka yake.

"Waje Jumapili," akasema. "Lakini kwanza wewe waambie, huko Awindiri, mimi ni mjane ya nani. Mapema, kabla ya kupanda gari. Mimi sitaki mutu afike hapa, akae, anywe chai, halafu asikie kwa jirani. Na usichore. Sema na mdomo."

Onzima akanywa chai yake, akaaga, akaliacha sanduku.

Jumapili Medina alikuwa mlangoni toka asubuhi, ingawa alisema amesimama kwa ajili ya upepo. Haboba alifagia ua mara mbili. Saa tano gari likasimama barabarani, wakashuka wajomba wote watatu na makoti yao, na Onzima nyuma yao na shati jipya. Mbele alikuwa mama yake. Driwaru alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye kikapu cha ufuta kichwani, na hakujua Kiswahili ila kile cha kununulia vitu. Alivuka ua moja kwa moja bila kumsalimia mtu, Medina akadhani kuna ubaya.

Driwaru alitua kikapu. Akamshika Medina mikono yote miwili.

"Mwanangu," akasema, "pole na Nasur."

Kisha ndipo akasalimia, na Medina akampokea kikapu, akawakaribisha ndani.